Manemane ya Mpakani

Jumamosi, 11 Januari
Asubuhi nimekwangua manemane. Matone ya utomvu yamekauka vizuri, mekundu, magumu kama sukari guru. Kopo limejaa. Kucha zangu zitanukia hadi Jumatatu.
Majani yote yamedondoka, kama kila kiangazi. Jirani kanipa pole. Nikamwambia miti haijafa, imelala. Akaniangalia mimi, si miti.

Alhamisi, 16 Januari
Shemeji Rajab kaja kunywa chai. Mwanawe anaoa. Anataka manemane ya kufukizia nguo za bibi harusi.
"Mama Hawa, wewe iko na mingi. Sisi naomba kidogo tu."
Nimempa kopo zima. Marehemu mume wangu angenicheka. Yeye ndiye aliyeleta vijiti vya kwanza kutoka Karamoja, jeshi lilipompeleka huko. Alivifunga ndani ya blanketi kama bunduki. Akavipanda mpakani, kati ya kiwanja chetu na cha Rajab mdogo wake, kwenye changarawe ambako hata muhogo unakataa.
Akitoka, Rajab alisimama akiitazama ile miti muda mrefu. Mtu anayetazama hivyo ama anasali ama anapima. Rajab si mtu wa kusali sana.

Jumatatu, 27 Januari
Nimerudi kutoka hospitali ya Kuluva, dada yangu alilazwa. Miti hakuna.
Miti hakuna! Kakata yote. Hata visiki kang'oa, kafukia mashimo, eti wageni wasijikwae. Sasa ni nguzo za banda la harusi mbele ya nyumba yake, turubai juu.
"Ilikuwa imekufa, mama. Haina hata jani."
Nimemtukana kwa Kikakwa, kwa Kiswahili, na kwa maneno ya jeshini ambayo sikujua kama ninayajua. Kisha nikavunja kikombe. Changu mwenyewe. Mjinga.

Jumapili, 2 Februari
Harusi. Nimekaa chini ya miti yangu kula pilau ya Rajab. Pilau ilikuwa nzuri. Hilo nalo limeniudhi.
Bibi harusi ananukia manemane yangu. Watu wanasifu. Rajab anazipokea sifa.

Jumatano, 12 Februari
Matofali yameshushwa upande wangu. Rajab anataka kuwajengea maharusi chumba. Anasema mpaka unapita karibu na jiko langu, tangu zamani za baba yao, yeye na marehemu.
Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Rajab kaitwa. Bila aibu: "Miti gani? Zile nguzo nilinunua Arua."
Jirani kaulizwa. Hakumbuki vizuri. Kwenye harusi alikula sahani mbili.
Mwenyekiti kasema asijenge mtu, atakuja kuona mwenyewe. Lini, hakusema.
Kopo zima nilimpa!

Jumanne, 25 Machi
Mwenyekiti bado hajaja. Mvua imenyesha, kubwa. Banda halijabomolewa, Rajab amelifanya mahali pa kuchaji simu za watu. Asubuhi nimepita karibu. Nguzo zina vichipukizi vya kijani. Zote.
Sijamwambia mtu. Ramadhani hii nafunga na maneno pia.

Jumapili, 6 Aprili
Leo mwenyekiti kaja. Rajab karudia: Arua, Arua. Ametundika simu za watu juu ya nguzo, lakini hajawahi kuzitazama nguzo zenyewe.
Nikaomba kisu. Nikachanja nguzo moja kidogo tu. Utomvu ukatoka. Nikautia kwenye chetezo nilichokuja nacho, mkaa umeshawaka. Moshi ukapanda. Kila pua pale ilikuwepo kwenye ile harusi.
Mwenyekiti akamgeukia: "Rajab, nguzo ya Arua iko natoa majani? Iko nalia manemane ya Mama Hawa?"
Watu wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Jirani ghafla akakumbuka kila mti na mahali pake. Wakachimba alipoonyesha, mizizi ikatokea kwa mstari.
Mimi sikucheka. Nilitaka, lakini hasira ilikuwa bado imeketi mbele.

Ijumaa, 18 Aprili
Nguzo zimerudi mpakani, amri ya mwenyekiti. Rajab mwenyewe kachimba mashimo, kazipanda moja moja. Matofali yamehamishwa.
Jioni nimemkuta huko na jerikani ya maji.
"Zisife, mama."
Nikamwambia aache, zitaoza. Huu mti hautaki huruma. Akaweka jerikani chini. Tukasimama pale, kila mtu upande wake.
Kaniletea kopo langu. Tupu, lakini limeoshwa. Nimeliweka juu ya kabati. Kiangazi kijacho sitachanja. Gome bado changa.