Maji ya Rangi ya Chai

Kwako Dada Mkubwa,

Salamu zangu zikufikie huko chuoni, zikukute mzima, umekula, na hujakondeshwa na hivyo vitabu vinene kama matofali. Mimi sijambo. Mama hajambo, ila magoti yanamlalamikia akikaa sana kwenye cherehani. Baba ni yule yule uliyemwacha: anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ulimi ndio bado haujarudi tangu kile kiharusi. Mwandiko wangu usiucheke. Wewe ulibaki darasani mpaka walimu wakakuchoka. Mimi niliwaonea huruma mapema nikawaachia shule yao.

Najua unashangaa kupata barua yangu. Kwenye simu nimeshindwa, dada. Umeona mwenyewe, kila ukipiga nasema nina grisi mikononi, nampa mama. Hiyo grisi mara nyingi haikuwepo.

Kazini mambo ni mazuri. Pale karakana ya baiskeli sasa mimi ndiye ninayenyoosha magurudumu yaliyopinda. Fundi mkubwa anasema nina mikono mizuri na mdomo mbaya. Nilimjibu kwamba mikono ni ya baba na mdomo ni wa dada yangu, akacheka mpaka akaangusha spana.

Sasa tuje kwa Mheshimiwa. Ulipotuachia samaki yule ukaacha na karatasi ya masharti, ukaibandika kabatini kana kwamba nyumba yetu ni hospitali. Samaki mmoja wa beta, mfupi kuliko kidole changu, masharti saba! Akae peke yake, maana dume akiona dume mwenzake ni vita. Maji yawe na uvuguvugu. Tangi lifunikwe lakini pabaki nafasi, kwa sababu hupanda juu kuvuta hewa kama mtu. Kila wiki yabadilishwe maji robo tu, na maji mapya yawe yamelala ndooni siku nzima na matone ya ile dawa ya kuondoa klorini. Jani kavu la mti wa mkungu lisitolewe majini. Sabuni isisogee. Na la saba ulilipigia mistari miwili: punje tatu za chakula kila asubuhi, na mlishaji awe baba, kwa mkono wa kushoto, ule uliopooza.

Nilikucheka. Nilimwambia mama kwamba umempa mgonjwa kazi ya kumtunza mdekaji. Lakini yule mama anayekuja kumfanyisha baba mazoezi ya viungo, tunayemwita Bibi Nyoosha, aliisoma karatasi yako akasema una akili kuliko nyumba nzima. Nilikuwa nimesimama pale pale, wala hakunitazama.

Wiki za kwanza punje zote ziliangukia mezani. Baadaye moja ikaingia majini. Mwezi wa tatu zikawa zinaingia mbili, na siku nyingine zote tatu. Mheshimiwa alipomwona baba tu alikunjua mapezi yake ya buluu, akazunguka tangi kama anakagua gwaride, na baba akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki hai. Mama alikuwa akisimamisha cherehani ili akisikie kile kicheko vizuri. Mimi pia nilikuwa nachelewa kazini makusudi, ingawa nilisingizia pancha.

Kwamba Mheshimiwa alikufa, unajua. Mama alikueleza kwamba Jumapili moja mkono wa baba ulitetemeka ukamwaga nusu kopo la chakula, na kwamba Jumatatu samaki alikutwa akielea kwa ubavu, amevimbiwa. Ukatuomba tusimlaumu baba. Hakuna aliyemlaumu, dada. Alijilaumu mwenyewe.

Tangu siku ile mkono wa kushoto unakaa chini ya shuka. Nilileta beta mwingine, mwekundu kama taa ya breki. Nikamwekea baba kopo mbele yake. Akalisukuma kwangu kwa mkono wa kulia. Kesho yake vile vile. Bibi Nyoosha amembembeleza, amemtania, amemgombeza. Juzi alimwita mama mlangoni akamwambia vidole vinajifunga, na kwamba visipopewa kazi hivi karibuni havitafunguka tena. Alidhani sisikii. Leo asubuhi yule mwekundu amejenga povu kwenye kona ya tangi, jambo ambalo uliniambia hufanya akiwa na raha. Hakuna aliyemshangilia.

Dada, kaa chini kama umesimama.

Baba hakumuua Mheshimiwa. Nimemuua mimi.

Siku ile ya Jumamosi, kabla ya hiyo Jumapili, nilikuwa nimewaalika wenzangu wa karakana. Nilijigamba kwao kwamba nina samaki anayepigana na kivuli chake, wakaniambia labda ni kiluwiluwi. Asubuhi nikatazama tangi, nikaona maji yana rangi ya chai. Nilijua ni lile jani. Ulinieleza kwamba rangi ile ndiyo dawa yake. Ila niliona aibu, watasema tunafuga samaki kwenye maji ya kuoshea vyombo. Mama alikuwa amempeleka baba kliniki, nyumba ni yangu. Nikamwaga maji yote. Nikatupa jani. Nikasugua kioo kwa sabuni ya vyombo mpaka kikalia, nikajaza maji ya bomba hapo hapo, ya baridi. Ndoo yako ya maji yaliyolala ilikuwa mlangoni, nilioshea miguu.

Tangi liling'aa, dada. Wenzangu walipofika tukasimamisha kioo cha baba cha kunyolea pembeni, Mheshimiwa akajiona, akatanua kila alicho nacho. Walipiga makofi. Nami nilisimama pale kama niliyemtengeneza kwa mikono yangu.

Jioni alikuwa chini kabisa, mapezi yamembana mwilini, anahema. Jumapili baba alipomwaga chakula, Mheshimiwa hakupanda. Hakula hata punje moja. Niliziokota mimi kwa chujio la chai, nikaziona zote zipo, zimelowa tu. Na Jumatatu mama alipouliza nini kimemuua, nikasema shibe. Sikutaja mtu. Nilitazama tu mkono wa baba, na yeye akaona ninakotazama.

Hiyo ndiyo habari. Wiki tisa nimeimeza.

Barua hii naiandika mezani, baba yuko mbele yangu, anadhani naandika orodha ya vipuri. Nikimaliza nitamsomea yote, bila kuruka sabuni wala chujio. Nimeona nikwambie wewe kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Mama anakusalimu, anasema uvae sweta. Rafiki zako wa mtaani bado wanakuulizia, na mimi nawaambia umekuwa mnene. Ubaki salama, usome na kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere.

Nyuma ya karatasi: Nimemsomea baba. Nilipofika kwenye sabuni alifumba macho. Nilipofika kwenye chujio aliyafumbua akanitazama, muda mrefu, na mimi nikatamani angekuwa na ulimi wa kunitukana. Nikaikunja karatasi nusu, mikono yangu ikakataa kumalizia. Ndipo akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka na kuuweka juu ya karatasi. Vidole havikufunguka, dada. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Mwishowe amebonyeza mkunjo kwa ngumi, kutoka huku mpaka huku. Umekwenda upande. Mimi kazi yangu ni kunyoosha vilivyopinda, lakini huu nimeuacha kama alivyouweka, na wewe usiunyooshe.