Mahali Ulipogonga Meza

Kwako Baba,

Hapa nyumbani Munyaka baridi ya asubuhi ni ile ile, na nimekalia kiti chako kwa sababu changu kimevunjika. Usikasirike. Mbele yangu kuna kile kitabu cha maelekezo ya mashine ya kupukuchua mahindi, tulichokiandika pamoja kwenye meza hii, na kichwa kinaniuma.

Unakumbuka tulivyofanya kazi? Wewe ulisema, mimi nikachapa. Kikombe cha chai mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia, na ulipofika penye uzito uligonga meza kwa kijiko. Nikisikia ko, nilikoleza maneno hayo yawe meusi zaidi. Hatukuulizana lolote. Mama akipita alisema, "Nyinyi mtanivunjia hiyo meza," nawe ukagonga tena makusudi.

Sasa karakana yenu ya mashine imeleta programu mpya ya kompyuta, na wanataka kitabu chote nikihamishie humo. Hii haijali neno linaonekanaje, inataka kujua neno ni la nini. Kila nilipokoleza inaniuliza: hili ni onyo, ni hatua ya kufuata, au ni jina la kifaa? Nikishajibu, yenyewe inachagua unene na rangi. Onyo hupewa kisanduku chekundu. Nikikosea, mkulima kule Cheptiret atalipita onyo kama jina tu la kifaa, kisha aingize mkono kwenye meno ya mashine. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Kumbe uligonga kwa sababu nyingi. "Mkanda" ni jina. Kwenye "Zima injini kwanza" ulikuwa na hofu. Lakini "mahindi safi kabisa"? Hapo nadhani ulikuwa unajivunia tu, Baba. Nilimuuliza Kiprono, fundi uliyemfunza kazi, akacheka. "Mzee alikuwa anagonga tu. Hata akiitisha chai anagonga. Sasa unataka nikuambie nini?"

Nimebaki na sentensi moja: "Mtu asiachwe peke yake na mashine." Nimeiita hatua, nikabadilisha, nikarudisha. Programu haina jina la jambo ambalo mtu analisema kwa sababu anawapenda watu.

Nikiiangalia nakumbuka wodi, ile jioni ya mwisho. Hukuwa na meza wala kijiko. Uligonga chuma cha kitanda kwa kidole ukaniambia, "Enda nyumbani, mvua inakuja." Nikaenda, kwa sababu tangu utotoni ukigonga mimi hutii. Mvua haikunyesha, na asubuhi wakanipigia simu kutoka hospitalini. Ulikuwa unanituma tu? Ulikuwa unanikinga nisione? Ama ulikuwa unaniaga, na mimi nikakimbilia mwavuli? Naumia, Baba, na sijui hata naumia kwa lipi.

Karakana wanataka kazi yao leo mchana. Ile sentensi nimeiita onyo. Sina uhakika, na wewe huwezi tena kuniambia. Lakini sasa imekaa ndani ya kisanduku chekundu, na hakuna atakayeifikia asiione: mtu asiachwe peke yake.

Pumzika, Baba. Kijiko chako nimekirudisha kando ya kikombe.

Ni mimi, kifungua mimba wako, niliyekuwa nikikuchapia