Maji ya Mtungini

Nyakato, Mwanza
12 Machi 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Mjukuu wako Winnie je, na ng'ombe? Sisi huku wazima, ila Ngosha bado yupo nyumbani tangu kiwanda kiuzwe. Anashinda mlangoni amenuna, utadhani mimi mkewe ndiye niliyemwachisha kazi. Tunakula mshahara wangu wa maabara ya maji, na huko nako wanapunguza watu.

Barua uliyomwandikisha Mihayo niliipata. Unasema kijiji kizima kinakupongeza kwa kuwa chemchemi yetu imefaulu kwenye vipimo vya mwanao. Unasema umeacha kuchemsha, kuni zenyewe ziko mbali, na Winnie anayanywa hivyo hivyo. Halafu chini kabisa unasema tumbo linamsumbua kidogo. Hapo nilikosa raha kabisa.

Unakumbuka tulipokuja na mhandisi? Ulikataa katakata tushuke chemchemini kabla ya kula. Ukatuwekea ugali na kuku, ukachukua chupa zangu ukajaze wewe. Nilikuwa na njaa, mama, mhandisi naye anasifia mchuzi, nikakuachia. Uliporudi nikazifunga, nikaandika kwamba nimechota mwenyewe.

Kumbe hukufika hata chemchemini. Mwenyewe unajisifu kwamba ulijaza maji ya mtungini, yaliyochemshwa na kuchujwa kwa kanga mpya, maana usingepeleka tope mjini kwa wakubwa wa mwanao. Jamani, mama! Tope hilo ndilo tulilolifuata. Kwa usafi wako, kisima cha pampu ambacho mngechimbiwa kama maji yangeonekana machafu kimepewa kijiji kingine.

Tangu nisome barua yako sina pa kushika. Nikinyamaza, mnakunywa maji wanayokanyaga ng'ombe. Nikisema, nafukuzwa, nawe watu watakusema mpaka uchoke. Ngosha alinishauri ninyamaze, nikuandikie tu umchemshie Winnie. Nusura nimsikilize. Lakini watoto wa majirani nao nani atawaandikia? Wanaamini sahihi yangu.

Basi jana nilimweleza mkuu wangu kwamba sikuchota mimi, na kwamba maji yale si ya chemchemi. Aliniuliza nani alichota. Sikukutaja. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniogopesha. Aliniambia nirudi nyumbani nisubiri kuitwa. Sasa tunasubiri wawili, Ngosha mlangoni, mimi ndani.

Mama, anza kuchemsha leo, na Winnie apelekwe zahanati. Nawe Mihayo unayemsomea, watangazie watu wote wachemshe, ila habari ya mtungi ibaki kati yenu.

Watakuja wengine kuchota upya, kabla mitambo haijaanza kuchimba kule kwingine. Nakuomba sana, wakija, kuku asubiri. Wapeleke chemchemini kwanza, wachote wenyewe na tope lake. Usituonee aibu, mama.

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao,
Evelina