Mtoto Pekee wa Mzee

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mashine yangu kubwa ya kuchapia imeanza kukohoa.

Jana Kaka alikuja kiwandani na walinzi wake kuagiza mabango elfu nne ya kampeni. Mbele yao akaniita fundi. Walipotoka akanong'ona, "Mdogo wangu, nifanyie haraka." Nikasoma maneno aliyotaka yakae chini ya picha yake: MTOTO PEKEE WA MZEE.

"Kwani mimi niliokotwa, Kaka?"

"Hiyo ni siasa tu, usiiweke moyoni. Mzee mwenyewe karidhia."

Nimejijenga kwa jasho langu, sikuwahi kuwaomba hata kiti cha kukalia. Leo nimemrudishia oda yake, nikachapa mabango yangu mia tano: sura yangu tu, bila neno. Unajua ninavyofanana na Mzee. Jioni yanabandikwa mjini, nami nagombea kiti hichohicho anachokitaka Kaka.

Watu wa Kaka watakujia huko uliko, Shangazi, wakutake uape kwamba hukumjua mama yangu. Wewe ndiye uliyenipokea nilipozaliwa. Sikuombi unipigie debe. Nakuomba usinikane.

Mimi,
mtoto wa kaka yako