Sabina Hakuulizwa

Jumatano, 9 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Baiskeli imepata pancha tena, gurudumu lile lile la nyuma. Nimekwenda kigangoni kwa miguu, viatu mkononi, suruali nimekunja hadi magotini. Katekista mwenye miaka ishirini na moja kazini, naingia kanisani kama bata.

Wakatekumeni sita kati ya tisa. Watabatizwa Pasaka na watatu bado hawajui Nasadiki. Nimefoka. Mama Kulwa peke yake anaijua yote, na ndiye asiyetoka familia ya Kanisa. Mke wa mfugaji wa Kisukuma, anakaa ng'ambo ya mto, kaikariri akitikisa maziwa kwenye kibuyu. Shida yake ni maswali. Leo nimefundisha kwa nini Ijumaa Kuu inaitwa kuu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu aliyekufa kwa ajili yetu, aliulizwa kwanza?"

Nikamwambia alikubali mwenyewe.

"Na sisi, je? Tuliulizwa kama tunataka mtu afe?"

Darasa likacheka. Nikasema hilo ni fumbo, tuendelee. Jibu la mtu asiye na jibu. Limenikera hadi nyumbani.

Sabina binti yangu ndiye atakayemsimamia ubatizo. Nimemweleza swali lile, akacheka, akasema hata yeye angependa kujua. Ana miaka ishirini na mbili, anasuka mikeka ya ukindu na kuuza sokoni Ifakara, na ulimi wake ni wa mama yake.

Alhamisi, 10 Aprili

Jumapili ni Matawi. Mwaka jana watu walikuja na majani ya migomba, mmoja na tawi la mpapai. Padri aliyetoka Ifakara akauliza kama Bwana anaingia Yerusalemu au anaingia shambani. Kanisa zima likacheka. Nami nilicheka, lakini nilikasirika mwaka mzima.

Mwaka huu nataka matawi ya mkindu. Mikindu mizuri iko ng'ambo, Sabina anapajua, ndiko anakokata ukindu wake. Mke wangu Yusta anasema mto umejaa, acha. Nimemwambia mto hujaa kila mwaka.

Ijumaa, 11 Aprili

Sabina amezama. Mama Kulwa amepona. Mtumbwi umepinduka katikati ya mto. Wanamtafuta. Siwezi kuandika.

Jumamosi, 12 Aprili

Hawajampata.

Naandika ili mikono ifanye kitu. Jana baada ya kipindi nilimwambia Sabina ampeleke Mama Kulwa kwake, akate matawi, arudi kabla ya jioni. Alikwenda kuyatazama maji, akarudi. "Baba, tungoje kesho." Nikasema kesho ni ya kufagia kanisa. Akachukua panga na upondo wa mtumbwi, akaenda. Hakununa. Bora angenuna.

Watu wa ukingoni waliona mtumbwi ukigonga gogo. Wakaona vichwa viwili vikienda na maji hadi kwenye mti uliozamishwa na mafuriko. Kisha mmoja juu ya mti na mmoja hakuna. Mvuvi mmoja anaapa alimwona Sabina akimsukuma Mama Kulwa apande. Alikuwa mbali na mvua ilikuwa inanyesha. Lakini ndivyo alivyosema, na sasa kila anayeingia uani anasema hivyo hivyo.

Yusta hajanitazama tangu jana. Amesema neno moja tu: "Nilikwambia."

Jumapili, 13 Aprili

Wamempata asubuhi, chini kule kwenye matete. Wavuvi walimfunika kwa khanga ya mmoja wa wake zao. Nilimtambua kwa sketi ya kwaya.

Misa ya Matawi ilikuwepo. Watu walikuja na majani ya migomba. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumemzika. Kaburi lilikuwa linaingia maji, vijana wakachota kwa ndoo mpaka jeneza liliposhushwa. Namshukuru kila aliyechota.

Padri alihubiri. Alisema Sabina ametufanyia homilia ya Ijumaa Kuu kabla ya siku yake. Kwamba kuna watu husikia Neno na kuna watu hulitenda, na binti huyu alitoa uhai wake ili mwenzake aishi, tena mwenzake wa kabila jingine, wa upande ambao tunagombana nao kwa ajili ya ng'ombe na mpunga. Watu walilia kwa sauti. Hata vijana wanaowachukia wafugaji walilia.

Yusta aliinua kichwa. Nilimwona. Siku tatu alikuwa amelala chini kwenye mkeka, hali, hanywi. Padri aliposema "alitoa mwenyewe", akaketi wima na kufunga vizuri khanga yake. Jioni akanywa uji kikombe kizima. Akanishika mkono mbele ya watu. Kama Sabina alichagua, basi hakuna aliyemuua, wala mimi.

Nilijisikia nafuu. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye. Siku ya kumzika mtoto wangu, nilijisikia nafuu.

Jumatano, 16 Aprili

Mama Kulwa amekuja kigangoni, peke yake, kabla ya wenzake. Ilibidi azungukie mbali kwenye daraja. Ana michubuko mikononi kote. Alinisalimia shikamoo akiwa amepiga magoti, nami nikamwambia ainuke, aketi kwenye benchi. Hakuinuka.

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mwalimu, hakunisukuma. Watu wanasema alinisukuma. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuushika mti. Yeye akanishika huku, shingoni na kwenye nguo. Mti ukawa unakwenda chini. Alikuwa anapiga kelele, Mama Kulwa usiniache. Mimi nikamtoa mikono. Kidole kimoja kimoja, mwalimu. Nikampiga teke. Nina watoto mapacha nyumbani, mwalimu, wananyonya bado."

Nilimsikia vizuri. Hakulia. Aliuliza kama mimi nimwambie Padri au amwambie yeye mwenyewe, na kama bado anaweza kubatizwa. Nikasema sijui. Akauliza kama amwambie Mama Sabina. Nikasema hapana. Hilo nililijibu haraka mno.

Wenzake wakaingia, nikafundisha. Sikumbuki nilifundisha nini.

Alhamisi, 17 Aprili

Sijalala. Kila nikifumba macho nahesabu vidole.

Mume wa Mama Kulwa amekuja asubuhi na wazee wawili wa kwao, wanaswaga mtamba mweusi. Wamesema si malipo, mtu halipwi, ila kwao mtu akikuokolea mama wa watoto wako huwezi kukaa kimya. Hajui. Mkewe hajamwambia. Alinitazama kwa heshima kubwa mpaka nikageuza uso. Yusta ndiye aliyewajibu. Alisema ng'ombe atabaki uani ili kila anayepita aulize, na kila anayeuliza aambiwe Sabina alifanya nini. Kisha akawapikia chai. Mwanamke ambaye mwezi jana aliwafukuza ng'ombe wao mpungani kwa mawe.

Nikisema, nini kitatokea? Vijana wataenda ng'ambo na viberiti. Yusta atarudi kwenye mkeka, na safari hii hatainuka. Na mimi nitakuwa tena yule aliyemtuma. Nimeipanga orodha hii kama mtu mwenye huruma, lakini najua ipi kati ya hizo tatu ndiyo inayonifunga mdomo. Uongo huu unanifaa mimi kuliko wote.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Padri yuko parokiani, nimeongoza mimi. Njia ya Msalaba tulianzia barabarani tukapita kando ya mashamba. Matope. Kituo cha kumi na mbili watu walipiga magoti majini kabisa.

Nimekifundisha kifo kile miaka ishirini na moja. Leo nimesoma Mateso na kwa mara ya kwanza nimewaona waliokuwepo. Walioshika nyundo. Aliyekana kwa kuogopa. Waliokimbia kwa kuwa walitaka kuishi. Hao ndio aliowafia. Imani yenyewe ndiyo hii: anayeokolewa ni yule yule aliyeua. Nilikuwa naisema kila mwaka kama tangazo la ratiba. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja aliyeokoka atapiga magoti mbele yangu na michubuko ya kucha za mwanangu.

Na kuna Baba katika habari hii. Mwana aliomba asinywe kikombe, Baba akanyamaza. Sabina aliomba tungoje kesho. Nilikuwa na jibu: kufagia kanisa.

Lakini yule Mwana mwisho alisema ndiyo. Hilo ndilo tunalolishika sote, bila hilo ni mauaji tu. Sabina alisema usiniache. Basi kifo chake ni nini? Naandika jibu lililopo: si kitu. Msichana alikufa maji kwa sababu baba yake hakutaka kuchekwa na Padri.

Walitaka nimtaje kwenye mahubiri. Niliona wananisubiri, Yusta yuko benchi la mbele. Nikasema, "Alijitoa." Sentensi moja. Sauti yangu haikutetemeka na nimeichukia.

Kisha kuabudu msalaba. Mimi ndiye niliyeushika, watu wakaja kwa mstari kuubusu. Mama Kulwa alikuja wa mwisho, amevua ndala. Alisimama. Nilijua anangoja nimzuie. Nilitaka kuuinua ule mti nimpige nao, ni kweli, Mungu anajua, nilitaka. Mikono yangu ikakaa palepale. Si kwa upendo. Nilishindwa tu. Akainama, akaubusu, akapita.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Padri alikuja asubuhi, amebatiza tisa.

Jana Mama Kulwa alinifuata tena. Amemwambia Padri kila kitu huko parokiani, jana hiyo hiyo, kapanda boda hadi Ifakara. Sikumuuliza Padri kajibu nini. Amenieleza mwenyewe: kaambiwa abatizwe, na kaambiwa asimwambie Mama Sabina mpaka mimi nitakapokubali, kwa sababu ni mzigo wa nyumba yangu. Kwa hiyo ufunguo niko nao mimi. Sikuuomba.

Msimamizi wake alikuwa Sabina. Yusta amesimama badala yake. Hakuuliza mtu, alisogea tu mbele na kuweka mkono wa kulia kwenye bega la Mama Kulwa, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimeshika bakuli la maji. Padri akauliza jina. Mama Kulwa akafungua mdomo, lakini Yusta akatangulia.

"Sabina."

Padri akanitazama. Naye alikuwa anajua, na alijua kwamba najua. Sekunde moja. Ningeweza kusema. Mvua ilikuwa imekatika.

Nikasogeza bakuli karibu.

Mama Kulwa alitetemeka mwili mzima maji yalipomgusa. Watu walidhani ni furaha, wakapiga vigelegele. Alikuwa anaogopa maji. Yusta akamkumbatia kwa nguvu, shingo na nguo, hakutaka kumwachia.

Wengine wote walikuwa na Pasaka.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua zimepungua. Mpunga umeanza kuchanua, wiki mbili tatu na ndege wataanza. Nimefunga tena kamba za dungu la kulindia mpunga nyuma ya nyumba, nimebadilisha miti miwili iliyooza.

Mama Kulwa huja kila Jumamosi kumsaidia Yusta. Anakuja na mapacha, mmoja mgongoni, mwingine Yusta anambeba. Yusta anamwita Sabina. Mwanzo aliita kwa kulazimisha, siku hizi anaita kama kawaida, na yule anaitika. Leo nilisikia jina likiitwa jikoni na likaitikiwa. Nikapanda juu ya dungu.

Kwenye macho ya Mama Kulwa naona anachouliza kila anaponipa maji. Bado sijakubali. Sijui kama nitakubali. Sala zangu zimekuwa fupi: naketi, nasema mimi hapa, nainuka. Nafundisha bado, kwa kuwa hakuna mwingine. Mwanafunzi akiuliza swali gumu, siku hizi namwambia sijui, na wanadhani ni unyenyekevu.

Leo Yusta alicheka. Pacha mmoja alimkojolea. Ni mara ya kwanza tangu siku ile.

Kijiji kina Sabina aliyejitoa. Yusta anaye, Padri anaye kwenye mahubiri, wafugaji wanaye kule ng'ambo. Wamemgawana na wanashiba. Yule mwingine, aliyepiga kelele, aliyeng'ang'ania, aliyetaka kuishi, hana mtu ila mimi na mwanamke anayepepeta mchele uani kwangu. Saa kumi nilishuka, nikaenda kumpokea ungo.