Ng'ombe Asiyekataliwa

Kambi ya mgodi, Walikale
4 Februari 1951

Kwako mke wangu Thacienne, Mama Godelieve,

Nakusalimu kutoka huku ambako miti inatuficha jua mpaka adhuhuri. Mgongo wako unaendeleaje? Binti yetu na mume wake huko Kibabi, hawajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Mtu akisimama mtoni kutwa akiosha mawe ya bati, magoti yanalalamika. Lakini bado yanaweza kupanda kilima cha Karuba.

Unamkumbuka mzee Pierre, aliyekuwa kapita wetu, msimamizi wa kazi? Alifanya kazi mpaka nywele zikawa nyeupe zote. Mwezi uliopita Mzungu alimpa blanketi na mkono wa kwaheri, naye mzee akafunga mizigo akiimba. Alifia njiani, hajafika hata nusu ya safari. Nililia, Mama Godelieve, na sikulia kwa ajili yake peke yake.

Basi yale tuliyosema nilipokuja likizo, sasa nayasema kwa wino. Kontra yangu ya kazi inakwisha Agosti na sitatia sahihi tena. Arobaini sijafika, nawe una meno yote isipokuwa lile uliloling'oa kwa ubishi. Ng'ombe wetu wapo, maharage yapo, mikaratusi imekua. Tupumzike sasa, tungali tunaweza kucheka. Nitatengeneza mizinga ya nyuki, wewe utanipigia kelele, na hakuna bwana yeyote atakayetuamsha kwa kengele.

Wenzangu wananicheka. Polycarpe, rafiki yangu mwindaji, mwenyeji wa hapa msituni, aliniambia, "Edwari, muntu anaacha kazi akiwa na nguvu? Uko mugonjwa ya kichwa?" Nikamjibu kwamba ugonjwa huo niko nao tangu nilipokuoa.

Niandikie kama tuko pamoja.

Mume wako,
Papa Godelieve


Karuba
11 Machi 1951

Papa Godelieve,

Barua yako imefika, nimeisoma mara nyingi mpaka imelainika. Huku tu wazima. Mgongo unauma wakati wa kupalilia tu, na palizi haijaanza. Godelieve anakusalimu.

Tuko pamoja. Mimi sitaki mengi. Nataka kulima shamba langu, nikichoka nikae, na nikiangalia pembeni nikuone. Mambo ya nyuki utayafanya mbali na nyumba.

Kuna jambo lingine. Jumapili, baada ya Misa, Papa Sebarenzi alikuja. Unamjua, yule jirani wa juu mwenye malisho mpaka kule ukungu unakolala. Alikuja na pombe ya ndizi, watu nyuma yake, na mtamba mwekundu mzuri sana. Akasema mbele ya wote, "Mama Godelieve, bwana yako anaumia kule mu pori. Pokea hii ng'ombe, ikusaidie kumungojea." Watu wakapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele.

Ningefanya nini? Kwetu nani amewahi kukataa ng'ombe, halafu akaendelea kuomba moto kwa majirani? Nilipokea kamba, nikapiga makofi, nikashukuru. Lakini sikufurahi kama nilivyoonyesha. Babu yangu alipokea ng'ombe wa mtu, nami nilimwona uzeeni akimjengea mtu huyo ua.

Kwa sasa nimemfunga peke yake nyuma ya nyumba. Niambie la kufanya. Nitangoja jibu lako kabla ya kumgusa.

Mke wako,
Mama Godelieve


Kambi ya mgodi, Walikale
22 Aprili 1951

Mpenzi Mama Godelieve,

Salamu za furaha! Mimi ni mzima, hata magoti yamesahau kuuma tangu nilipoisoma barua yako. Wote hapo wazima?

Mke wangu, unaogopa baraka! Ng'ombe wa zawadi umemfunga peke yake nyuma ya nyumba kama mwizi? Sebarenzi akipita akaona hivyo atasema tumemdharau. Mchanganye na wetu leo leo, wale pamoja, walale pamoja. Mambo ya babu yako yalikuwa ya zamani. Sebarenzi ni Mkristo, tulibatizwa siku moja. Mpelekee pombe nzuri, umwambie nitakuja kumshukuru mwenyewe.

Nami nina habari. Nimekwenda ofisini kumwambia Mzungu kwamba Agosti naondoka. Aliniangalia kama mtu aliyeona kuku akisoma. Nafasi yangu amekwisha kupewa Athanase, na mke wa Athanase ameshakuja kupima madirisha ya nyumba yangu. Hainiumi. Ninahesabu siku, nikiwaza nitakavyokukuta umekaa mlangoni, ng'ombe wetu wakipita, na yule mwekundu mbele yao.

Mume wako anayekuja,
Papa Godelieve


Karuba
3 Juni 1951

Papa Godelieve,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi mwili ni mzima.

Nilifanya ulivyosema, nikamchanganya. Wiki ile ile Sebarenzi akatuma mtu kuniita nikalime njegere zake. Nikaenda, nikisema moyoni ni shukrani. Akaniita tena. Kisha, kwenye uwanja wa kanisa, akanionyesha kwa wageni wake akisema, "Huyu iko bibi ya muntu yangu." Muntu yake ni wewe. Nilitaka ardhi inimeze.

Siku iliyofuata nilimrudishia mtamba wake, kwa heshima, na pombe juu. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Mama, ng'ombe yangu ikilala na zingine, zote zinakuwa za zizi yangu. Unataka kurudisha? Rudisha zote. Kama hapana, bwana yako akuje ajenge ua ya lupango yangu kama wengine." Nilikwenda kwa wazee wetu. Wakainamisha vichwa. Wanasema ndivyo ilivyo, na wale waamuzi wa tribunali watasema hivyo hivyo, maana nao wamepokea ng'ombe kwake.

Nisikilize sasa, nakuomba. Tuwarudishe wote. Tutabaki na shamba na mikaratusi, tutaanza kidogo kidogo. Au baki huko, mimi nikufuate, nilime msituni kwa akina Polycarpe. Ila usije hapa ng'ombe wakiwa bado zizini. Ukija unakuwa mtu wake, na kupumzika kwetu kumekwisha kabla hakujaanza.

Ninaogopa, Papa Godelieve. Ninalala kwenye nyumba yangu kama mgeni.

Mke wako,
Mama Godelieve


Kambi ya mgodi, Walikale
1 Julai 1951

Mama Godelieve,

Salamu. Pole sana, mke wangu. Kosa la kuwachanganya ni langu, wala usijilaumu.

Lakini kuwarudisha wote, hapana. Wale si ng'ombe tu. Ni miaka yangu ndani ya maji, kila mmoja namjua na mwaka wake. Yule mweusi ni mwaka ule bwawa lilipotuangukia. Yule mwenye baka ni mwaka ambao sikuja kumzika mama yangu. Nitawapaje mtu mwingine kwa sababu ya pombe na makofi?

Na kubaki siwezi. Nyumba imeshapewa Athanase. Mzungu anasema nikitaka kurudi kazini ni kontra mpya nzima, tena chini kabisa, na vijana wa juzi. Polycarpe yuko tayari kutupa mahali pa kulima, moyo wake mweupe, lakini mbung'o wa huku hawaachi ng'ombe hai. Tutakuja kuzeeka kwenye giza hili bila hata tone la maziwa?

Nakuja. Nitaongea naye kama mwanaume kwa mwanaume. Usitoe hata ndama kabla sijafika.

Mume wako,
Papa Godelieve


Zizi la juu, kwa Sebarenzi
18 Novemba 1951

Mama Godelieve,

Nakusalimu kutoka juu ya kichwa chako. Nikisimama penye jiwe naona paa letu, na jana nilikuona unaanika maharage. Nilipunga mkono kama mjinga. Hukuangalia juu. Hujambo? Mimi sijambo, ila baridi ya huku ni kali na ukungu unaingia mpaka kitandani.

Nyiransabimana, yule mama anayeshusha maziwa, amekubali kutubebea barua. Naandika kwa sababu nilipoondoka nyumbani tulikuwa tumegombana, na sikukueleza vizuri.

Mapatano yetu ni haya. Mtamba mwekundu akizaa ndama jike, tutampa Sebarenzi ndama huyo, kama desturi inavyotaka, naye atatenganisha wake na wetu mbele ya mashahidi. Mpaka siku hiyo mimi namjengea ua na kuchunga mifugo yake huku juu. Nashuka akinituma, na Noeli. Ni kuzaa kumoja tu, Mama Godelieve. Niliweza miaka yote ile majini, nitashindwa na ng'ombe mmoja?

Sasa nacheka mwenyewe. Nimeacha kengele ya Mzungu, na hapa naamka kabla jogoo hajakohoa.

Mume wako,
Papa Godelieve


Karuba
9 Agosti 1952

Papa Godelieve,

Salamu. Mimi ni mzima. Godelieve amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, tumemwita Joséphine-Marie. Utamwona siku utakayotumwa upande wa Kibabi.

Ng'ombe mwekundu naye amezaa. Dume.

Nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye majani, na rozari mkononi. Padri angejua nilikuwa naombea nini angenikatalia komunyo. Nilipoinua mkia wa ndama nikaona, nilikaa chini na kulia kwa sauti, mpaka Nyiransabimana akadhani kuna msiba. Sebarenzi alikuja kuangalia, akacheka, akasema, "Dume, Mama. Hapana kosa yako, hapana kosa yangu. Tungojee ingine." Halafu akawahesabu ndama wa ng'ombe wetu kana kwamba alikuwa amewazaa yeye.

Noeli ulipokuja ulilala kabla sijapakua chakula. Nilikuangalia ukiwa umelala na nikakukasirikia sana. Nikawaza kwamba ulipokuwa Walikale nilikuwa na mume aliye mbali, na sasa nina mume anayeonekana tu. Lile la kwanza lilikuwa rahisi zaidi.

Nakuuliza tena, kwa mara ya pili: niwapeleke wote?

Mke wako,
Mama Godelieve


Zizi la juu
2 Septemba 1952

Mama Godelieve,

Pokea salamu, na hongera ya mjukuu. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu hapa, ng'ombe wakashtuka.

Barua yako imenichoma, wala sina la kujitetea. Ila naomba kitu kimoja. Ngoja azae mara moja tena. Tukiwatoa sasa, nitakuwa nimefanya kazi gani maisha yangu yote? Mtu ataniuliza, Édouard, ulipata nini kule Walikale? Nitamwonyesha magoti?

Mara moja tu.

Mume wako,
Papa Godelieve


Karuba
6 Desemba 1953

Papa Godelieve,

Nakusalimu sana. Nilingoja barua yako tangu Pasaka na haikuja. Nyiransabimana ananiambia kwamba siku hizi huongei, unakohoa, na unatembea na fimbo. Mimi ni mzima.

Ng'ombe mwekundu alizaa Jumatano. Dume tena. Najua wamekwisha kukuambia, na najua umemtuma Nyiransabimana aseme, "Anaomba muvumilie mara ingine." Nimemsikia. Nimekataa.

Jana asubuhi, wakati wa kukamua, watu wote wakiwa nyumbani kwa Sebarenzi, niliwapeleka. Mwekundu mbele, madume yake, kisha wetu wote, mweusi, na mwenye baka, na ndama zao. Majirani walitoka milangoni. Sebarenzi akaniuliza, "Nani amekutuma?" Nikamwambia, "Papa, ng'ombe yako njo hii, na zile zililala nayo. Ulisema zote, nimeleta zote. Sasa sema mbele ya hawa watu kama mume yangu iko angali muntu yako." Alitaka kusema neno, lakini wamama walikuwa wengi na wote walikuwa wanamwangalia. Akapokea kamba. Akasema, "Hapana. Iko huru." Nyiransabimana alisikia, muulize.

Nilirudi na mikono mitupu. Nimewapenda ng'ombe wale. Najua kila mmoja ulimlipia nini. Najua pia utakasirika. Kasirika, lakini ukasirike huku unashuka.

Hatutapumzika mapema, mume wangu. Mpango wetu umekufa, nami nimeulilia nikamaliza. Tutalima mpaka mikono ikatae, na ikikataa Godelieve atatupa maharage. Mtu akikuuliza ulipata nini Walikale, mwambie akaulize kwa Sebarenzi.

Usingoje kutumwa. Usiage mtu. Shuka leo.

Mke wako,
Mama Godelieve