Dawa Kwenye Sanduku la Misumari

Fundi,

Uji uko kwenye chupa. Kidonge kwanza, uji baadaye. Ukishakula usijilaze, wala usiiname kupiga randa mpaka chakula kishuke. Kahawa nimeificha. Kuficha hata mimi naweza.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Alfajiri umeshika kifua, unalia kinawaka moto, nami nikatoka mbio bila viatu kumgongea jirani mwenye gari, najiona mjane. Hospitali wakapima moyo, mzima. Daktari akasema ni kiungulia, asidi ya tumbo inapanda kooni, ndiyo inayokukohoza. Akauliza kimeanza lini. Ukajibu, “Miezi mingi.”

Miezi mingi! Karakana nzima inajua, dawa unazitafuna kutoka kwenye sanduku la misumari, halafu mimi ninayelala ubavuni mwako unaniambia kikohozi ni cha vumbi la mbao. Methali ya mficha maradhi sikuandikii, unaijua.

Na wewe binti yangu, maana najua utaisoma hii, babako asile vya kukaanga usiku, hata akikubembeleza. Maumivu yakishuka mkononi, mpeleke hospitali, usimsikilize.

~~Leo nalala kwa dada.~~ Nitarudi jioni.

Daktari alitaka kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Wewe, fundi wa vitanda vya watu, ukasema mito inatosha! Ulipokuwa unakoroma kwenye kochi nimekiinua mwenyewe, kwa magogo yako. Kitanda ni kimoja, basi na mimi nitalala kwenye mteremko huo.

Kifua kikikuwakia tena, niamshe.

Mkeo, si mpangaji mwenzako.